Malazi kwenye pwani ya magharibi ya Ireland: mwongozo kamili wa kuchagua kituo, kuweka nafasi na kulala vizuri

Likizo nyingi za pwani ya Ireland huharibika miezi kadhaa kabla ya safari, mtu akiwa bado nyumbani na simu mkononi. Anatazama ramani, anaona nchi ni ndogo, anaweka nafasi ya kulala mahali papya kila usiku. Akishafika, siku zinaishia garini: kufunga mabegi asubuhi, kutafuta nyumba jioni, na bahari anaionea dirishani.

Barabara ya kitalii ya pwani hiyo, Wild Atlantic Way, ilizinduliwa 2014 na ina urefu wa kilomita zipatazo 2,500, kutoka Donegal kaskazini hadi Kinsale kusini. Urefu wote huo unatokana na mikunjo. Pwani ni rasi baada ya rasi, ghuba baada ya ghuba, na nyumba unayoiona ng'ambo ya maji inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari. Kwa hiyo chagua kituo kwanza, yaani mji au kijiji utakakolala usiku kadhaa, ndipo uchague chumba. Usiku wa tatu kitandani palepale ndio unaokupa nafasi ya kusubiri mvua ipite, na mvua itakuja.

Anza na viza, maana ndiyo itakayoamua utalala wapi

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ireland yenyewe. Ireland haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikufikishi Dublin. Viza ya Uingereza nayo haitoshi kwa pasipoti hizi, hata kwa mtu aliyeishi London miaka mingi akiwa na kibali cha kudumu.

Ombi hujazwa mtandaoni, ndani ya miezi 3 kabla ya kusafiri, na mwombaji hutakiwa kuonyesha atakapolala. Serikali yao yenyewe inashauri usinunue tiketi ya ndege kabla ya kupata jibu. Fanya hivyohivyo kwa malazi: chukua nafasi unazoweza kuzighairi bila kulipa, na usome saa ya mwisho ya kughairi ni ya tarehe gani. Hakikisha majina ya wasafiri wote yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, na kila usiku uwe na mahali pake. Ukilala Galway tarehe 4 na Dingle tarehe 6, afisa atauliza tarehe 5 ulikuwa wapi.

Kisha kuna mpaka usioonekana. Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala kibanda cha askari, unachoona ni alama za mwendo kugeuka kutoka kilomita kuwa maili. Hata hivyo viza inahitajika, na maafisa wa uhamiaji hupanda mabasi ya njia hizo na kuomba hati. Donegal ndiyo inayonasa watu zaidi. Mkoa huo umo ndani ya Jamhuri ya Ireland, lakini njia fupi ya kutoka Dublin kwenda Letterkenny hupita Omagh na Strabane, ambayo ni miji ya Ireland Kaskazini. Mabasi nayo hufuata njia hiyo, na yale ya kwenda mji wa Donegal hupitia Enniskillen, ng'ambo ileile. Usipokuwa na viza ya Uingereza, nenda kwanza Sligo, kwa treni inayochukua muda wa saa 3 hivi au kwa barabara ya N4, kisha ushike N15 kupitia Bundoran hadi mji wa Donegal. Hapo hutoki nje ya Jamhuri hata hatua moja. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke nafasi Portrush au Ballycastle, miji ya Ireland Kaskazini, kwa ajili ya kuona nguzo za mawe za Giant's Causeway mpaka uwe na viza mbili mkononi.

Mwezi wa kwenda

Julai na Agosti kila kitu kiko wazi na kila kitu kimejaa. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi tunayoipendekeza bila kusita: bei zimeshuka kidogo, feri zinakwenda, na mwezi Juni jua la magharibi huzama baada ya saa 4 usiku, kwa hiyo unaweza kula chakula cha jioni halafu bado ukaenda ufukweni kukiwa na mwanga. Usitegemee joto. Mchana wa Julai ni nyuzi 18 au 19, na upepo wa Atlantiki hauna adabu. Mtu wa Mombasa au Tanga abebe sweta na koti la mvua hata kama tiketi yake ni ya Agosti.

Kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi nyumba nyingi za B&B (nyumba za familia zinazolaza wageni na kuwapa kifungua kinywa) hufunga, boti kadhaa husimama, na urefu wa mchana wa Desemba haufikii muda wa saa 8. Wengi hufungua tena karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi.

Zipo pia tarehe za kuziepuka. Jumatatu ya kwanza ya Mei, Juni na Agosti, na ya mwisho ya Oktoba, ni mapumziko ya kitaifa, na Wairishi wenyewe hukimbilia pwani wikendi hizo. Mbio za farasi za Galway mwishoni mwa Julai hufyonza vyumba vyote vya mji na vijiji vya jirani. Puck Fair ya Killorglin, 10 hadi 12 Agosti, hufanya vivyo hivyo upande wa Kerry.

Jinsi ya kupanga vituo

Chukua idadi ya siku zako, toa siku ya kufika na ya kuondoka, ugawe kwa 3. Hiyo ndiyo idadi ya vituo. Siku 8 za katikati ni vituo viwili, au vitatu ukijikaza.

Muda wa njiani uhesabu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hata ramani ya simu ikikuahidi zaidi. Barabara ndogo za vijijini zina kikomo cha kilomita 60 kwa saa tangu Februari 2025, na nyingine zina majani katikati na ukuta wa mawe kila upande. Galway hadi Clifden ni kilomita 80 hivi, ipe saa moja na nusu. Galway hadi Doolin ni kilomita 70, ipe muda uleule. Kutoka mkoa wa Clare kushuka mkoa wa Kerry usizunguke Limerick: panda pantoni ya mto Shannon kutoka Killimer hadi Tarbert. Inabeba magari kama ile ya Kigamboni au Likoni, inavuka kwa dakika 20 na kukuokolea kilomita 137 za barabara. Inaondoka Killimer kila saa kamili na Tarbert kila nusu saa, bila kuweka nafasi.

Kwa anayefika mara ya kwanza akiwa na usiku 9, mpango huu hufanya kazi vizuri: usiku 1 Galway, mjini, bila kuendesha gari kwa uchovu wa ndege, usiku 3 Clare, pantoni, usiku 3 Dingle, usiku 2 wa mwisho kurudi kuelekea uwanja wa ndege. Ukipenda milima na ukimya kuliko miamba maarufu, weka Clifden au Westport mahali pa Clare na umwache Dingle kwa safari nyingine. Kuvichanganya vyote vitatu ndani ya wiki moja ndilo lile kosa tulilolitaja mwanzo.

Vituo vyenyewe

Clare. Doolin ni kijiji kilichotawanyika kando ya barabara, chenye B&B nyingi, hosteli, uwanja wa kambi karibu na gati, na baa ambazo wanamuziki wa asili hukutana kila usiku. Hapa hata asiye na gari anaishi vizuri, kwa sababu basi namba 350 kutoka Galway hupita Doolin na kwenye Cliffs of Moher, ile miamba yenye kimo cha mita 214. Faida kubwa ya kulala karibu ni saa: mabasi ya watalii kutoka Dublin hujaza miamba kuanzia karibu saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, na wewe unaweza kwenda kabla au baada. Ballyvaughan ni kimya zaidi na iko mlangoni mwa Burren, nchi ya mawe ya chokaa. Lahinch ni ya wanaoteleza juu ya mawimbi, ina kelele wikendi. Kilkee hujaa familia za Limerick shule zikifungwa, kwa hiyo iweke mapema.

Visiwa vya Aran. Watu wengi huenda asubuhi na kurudi jioni. Sisi tunasema lala huko usiku mmoja, hasa Inis Mór. Boti ya mwisho ya jioni ikishaondoka kisiwa hubadilika kabisa: njia hubaki na baiskeli chache, na Dún Aonghasa, ngome ya mawe iliyokaa ukingoni mwa mwamba wa karibu mita 100, unaweza kuielekea mapema kesho yake kabla boti ya kwanza haijashusha watu. Boti za kutoka Ros a' Mhíl, magharibi ya Galway, huenda mwaka mzima na huchukua dakika 40. Zile za Doolin ni za msimu tu. Chagua nyumba iliyo ndani ya mwendo wa miguu kutoka gati la Cill Rónáin, au mwombe mwenyeji akupokee, kwa kuwa gari lako litabaki bara. Usilale kisiwani usiku wa mwisho kabla ya ndege. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na hakuna wa kumlaumu.

Connemara na Mayo. Clifden ina maduka na mikahawa. Roundstone ni bandari ndogo yenye mandhari bora lakini vyumba vichache. Cleggan ni ya anayetaka boti ya Inishbofin. Westport ina treni ya moja kwa moja kutoka Dublin na njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani hadi Achill. Achill yenyewe ni kisiwa chenye daraja. Lala Keel, ambako kuna ufukwe mrefu na kambi kando yake, halafu nenda Keem asubuhi kabla maegesho hayajajaa.

Hapa somo la maji kujaa na kupwa, ambalo mtu wa pwani yetu analijua tangu utotoni, lina kazi. Kisiwa cha Omey, karibu na Claddaghduff, hufikiwa kwa kuvuka mchanga maji yakipwa, hata kwa gari. Maji yakijaa hakuna njia, na gari lililoachwa mchangani huogelea. Ukipangiwa nyumba mahali kama hapo, mwombe mwenyeji akutumie saa za maji za siku yako ya kufika na ya kuondoka. Hata ufukwe ulio kwenye picha ya tangazo unaweza kutoweka chini ya maji siku za bamvua.

Kerry. Dingle ni mji wa kutembea kwa miguu, na kutoka hapo unazunguka njia ya pwani ya Slea Head kwa siku moja. Zunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kama mabasi yanavyokwenda, la sivyo utakutana nayo uso kwa uso mahali penye upana wa gari moja. Ring of Kerry, njia nyingine ya mzunguko ya kilomita 179, mabasi makubwa huizunguka kinyume cha saa. Killarney ina vitanda vingi kuliko mji mwingine wowote wa eneo hilo, lakini haiko baharini. Tumia Kenmare au Caherdaniel ukitaka maji karibu. Anayetaka kupanda Skellig Michael, kisiwa cha mwamba kilicho urithi wa dunia tangu 1996, alale Portmagee au Ballinskelligs usiku 2 au zaidi. Boti za kushusha watu huenda kati ya Mei na Septemba tu, wanaoruhusiwa kwa siku ni 180, nafasi huisha miezi kabla, na hali ya bahari hufuta safari mara kwa mara. Usiku wa ziada ndio bima yako. Juu kuna ngazi 618 za mawe zisizo na kitu cha kushikilia.

Cork na Donegal tutazipita haraka. Kinsale ni ya wapenda chakula na iko karibu na uwanja wa ndege wa Cork. Baltimore ni kwa boti za visiwa vya Sherkin na Cape Clear. Allihies, kwenye rasi ya Beara, ni kwa mtu asiyetaka kuona basi la watalii. Donegal, ukishaipatia njia halali ya kufika, tumia Ardara au Glencolmcille kwa miamba ya Slieve League, na Dunfanaghy kwa fukwe za kaskazini.

Aina za malazi, na kila moja inavyokwenda

B&B ni nyumba ya familia yenye vyumba vitatu au vinne hivi vya wageni. Unabisha hodi, unapokewa na mama au baba mwenye nyumba, unaonyeshwa chumba. Kuingia ni kawaida kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, na hapa hakuna mapokezi ya usiku kucha. Ukichelewa, piga simu, kwa sababu mtu anakusubiri na hajatoka nyumbani kwa ajili yako. Jioni utaulizwa kifungua kinywa ule saa ngapi na nini. Jibu kwa uwazi. Chumbani kuna birika la umeme, lakini kupika hakuruhusiwi, na harufu ya dagaa haitafichika.

Kifungua kinywa chenyewe: sahani moja yenye vipande vya nyama ya nguruwe, soseji za nguruwe, mayai, nyanya, uyoga, na vipande viwili vya duara, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Cheusi hutengenezwa kwa damu. Muislamu au Msabato aseme siku ya kuweka nafasi, na arudie jioni ya kufika, kwamba hali nguruwe, na aombe mayai yakaangwe kwenye kikaango kingine. Wenyeji hulichukulia jambo hili kwa heshima, na wengi watakupa mayai na samaki wa kuvukizwa, uji wa shayiri, na mkate wa kahawia wa magadi ambao peke yake unatosha kukushibisha. Nyama halali vijijini haipatikani. Nunua Dublin, Galway au Limerick. Ballyhaunis, mji mdogo wa Mayo, una machinjio ya halali na msikiti wa miaka mingi, na uko njiani ukielekea Westport.

Nyumba ya kujipikia ndiyo nafuu kwa familia ya watu wanne au zaidi. Julai na Agosti hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo ukitaka usiku 3 utakataliwa hata kama kalenda ina nafasi. Subiri wiki chache kabla, ndipo mapengo huachiwa. Uliza mambo manne kabla ya kulipa: joto la nyumba ni la nini, umeme na mafuta vimo kwenye bei au vinapimwa kwa mita, mashuka na taulo vimo, na duka lililo karibu liko kilomita ngapi.

Kitu kitakachokusumbua usiku wa kwanza ni maji ya moto. Nyumba nyingi za zamani zina tangi la shaba ndani ya kabati la nguo za kukauka, na hita ya umeme ambayo wao huiita immersion. Swichi yake ina vitufe viwili: kimoja cha kuwasha na kuzima, cha pili kimeandikwa Sink na Bath. Kwenye Sink inachemsha sehemu ya juu tu ya tangi, maji ya kuosha vyombo, kwa nusu saa hivi. Kwenye Bath inachemsha tangi zima na huchukua saa moja au zaidi. Watu huacha Sink, wa kwanza anaoga, wa pili anapigwa na maji ya barafu, na wanadhani hita imekufa. Kosa la pili ni kuisahau usiku kucha, na bili ya umeme ya Ireland ni kali. Bafuni kunaweza kuwa na kifaa kingine kabisa, hita ya ukutani inayochemsha maji yakipita. Hiyo haitegemei tangi, lakini haifanyi kazi mpaka uvute kamba inayoning'inia darini na taa nyekundu iwake. Ukiona maji baridi, tafuta kamba kabla ya kumpigia mwenye nyumba.

Joto la nyumba mara nyingi hutoka kwenye boila ya mafuta ya taa, na sebuleni kuna jiko la kuni au turf, yaani vipande vya mboji iliyochimbwa na kukaushwa. Kuwasha: fungua kitundu cha hewa cha chini na kile cha bomba la moshi, weka kipande cha kiwashio, juu yake vijiti vikavu, halafu simamisha vipande vitatu vya turf vikiegemeana kama kibanda. Vikishika moto, punguza hewa ya chini. Moshi ukirudi sebuleni, kitundu cha juu kimefungwa. Jivu lisiingie kwenye pipa la taka la plastiki hata kama linaonekana limekufa. Liache kwenye ndoo ya chuma nje usiku mzima na mchana wake. Hakikisha kengele ya gesi ya kaboni monoksidi ipo na inalia ukiibonyeza. Chooni usitupe chochote zaidi ya karatasi laini, kwa maana nyumba za vijijini zina shimo lao la maji taka, na likiziba, utaanza kuliona bafuni.

Minara ya taa ni malazi ya pekee. Nyumba za waliokuwa walinzi wa taa hukodishwa Fanad Head na St John's Point huko Donegal, Loop Head huko Clare, Galley Head huko Cork, na kisiwani Clare Island huko Mayo. Wicklow Head, pwani ya mashariki, unalala ndani ya mnara wenyewe: ngazi ni 109, na jiko liko juu kabisa. Kila mfuko wa unga unapanda nao, kwa hiyo nunua vitu kidogo na usahau kidogo zaidi. Mahali hapa hujaa mapema kuliko hoteli, kwa hiyo anza na tarehe zao, kisha upange safari kuzizunguka. Watoto wadogo na ukingo wa mwamba havipatani, fikiri vizuri.

Hosteli ziko karibu vijiji vyote maarufu, zina jiko la pamoja, na nyingi zina vyumba vya familia vyenye bafu lake. Kambi ni ya hiari ya mvua. Hakuna haki ya jumla ya kupiga hema popote, karibu ardhi yote ina mwenyewe, na maegesho mengi ya fukwe yana chuma cha kuzuia magari marefu. Gari la kulala halipiti Conor Pass karibu na Dingle, tumia N86. Jioni tulivu za kiangazi usubi huwashambulia walio nje, hasa karibu na ziwa au kinamasi. Piga hema mahali penye upepo.

Kusoma bei na kuweka nafasi

Kwa makadirio ya msimu: kitanda cha bweni yuro 30 hadi 50, chumba cha watu wawili B&B yuro 110 hadi 170, hoteli yuro 170 hadi 300.

Ukiona herufi pps baada ya bei, ni bei ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani. Yuro 65 pps ni yuro 130 za chumba. Msafiri wa peke yake hatalipa 65. Huongezwa fidia, kwa hiyo uliza bei ya mtu mmoja kwa namba kamili. Chumba kilichoandikwa double kina kitanda kimoja, twin kina viwili. Marafiki wawili waangalie hilo kabla hawajafika.

Tafuta kwenye majukwaa ya kawaida, kisha mpigie mwenyeji simu. Mara nyingi atakupa bei hiyohiyo au pungufu, na la muhimu zaidi, atakuambia kama tangazo linasema kweli. "Mandhari ya bahari" inaweza kuwa ukanda wa buluu kati ya mapaa mawili. "Karibu na kijiji" inaweza kuwa kilomita 2 za barabara isiyo na njia ya miguu wala taa. Angalia picha za setilaiti mwenyewe. Usitume pesa kwa benki kwa mtu uliyemkuta mtandaoni tu, hata kama nyumba ni nzuri na ina haraka ya kuchukuliwa. Lipa kwa kadi. Chumba kilicho juu ya baa ni rahisi na karibu na muziki, na muziki huo utausikia kitandani hadi karibu saa 6 usiku.

Siku ya kufika

Nyumba za vijijini hazina namba wala jina la mtaa. Mwombe mwenyeji Eircode, msimbo wa herufi na tarakimu 7 ulioanza 2015, ambao kila anwani ina wake. Uingize kwenye ramani ya simu na utafikishwa mlangoni. Hifadhi ramani nje ya mtandao, kwa sababu mabondeni mtandao hukatika. Katika maeneo wanayozungumza Kiairishi vibao vya barabarani huandikwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo andika majina yote mawili: Dingle ni Daingean Uí Chúis, au kwa kifupi An Daingean.

Gari huendeshwa kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, na soketi ni zilezile za huko za pini tatu bapa, kwa hiyo anayetoka nchi hizo adapta ibaki nyumbani. Leseni yako halali inatosha kwa mgeni, ingawa kampuni nyingine za kukodisha hutaka na kibali cha kimataifa. Karibu zote hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa dirishani. Chukua gari dogo kuliko unalolitaka. Gari pana huishia kukwaruzwa na ukuta wa mawe.

Jiko za baa vijijini hufunga saa 3 usiku, nyingine mapema zaidi. Ukifika saa 3 na nusu utakuta vinywaji tu, hivyo beba mkate na kitoweo ndani ya gari siku ya safari ndefu. Tazama pia tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland: njano ni angalia, chungwa ni badilisha mpango, nyekundu ni baki ndani.

Usiku wa mwisho

Usilale magharibi kama ndege yako ya Dublin ni ya asubuhi. Malahide na Skerries ni miji ya bahari karibu na uwanja wa ndege, na ya kwanza ina basi la moja kwa moja. Ukitoka magharibi kwa gari utapita barabara ya M50, na kati ya makutano ya 7 na ya 6 kuna ushuru usio na kizuizi: kamera hupiga picha ya namba, na unatakiwa kulipa mtandaoni au dukani kabla ya saa 2 usiku wa siku inayofuata. Uliza dirishani wakati wa kukodi kama kampuni hulipa kwa niaba yako. Kama hailipi, lipa jioni hiyohiyo ukiwa chumbani Malahide, kwa sababu kesho saa hizo utakuwa angani na faini itakwenda kwenye kadi uliyoiacha kwao.